Inatarajiwa na Nani?

Mama yangu huweka karatasi zote za maana ndani ya mkebe wa zamani wa kakao. Humo mna kitambulisho cha marehemu baba, kadi zetu za kliniki, na risiti za majani chai za tangu enzi ambapo karani alikuwa akiandika kilo kwa mkono. Siku moja, nikiwa nyumbani kwa likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni, aliufungua mkebe huo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee hii," akaniambia. "Inasema bonasi ni lini?"

Kwa wasiojua maisha ya huku kwetu, kati ya Kericho na Bomet: mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa awamu mbili. Kila mwezi anapata kiasi kidogo kwa kila kilo aliyopeleka. Halafu mwaka wa hesabu ukifungwa mwezi wa sita, kiwanda kinapiga hesabu ya kilichouzwa, na kwenye mwezi wa tisa au wa kumi ndipo malipo ya pili yanatangazwa. Hiyo ndiyo bonasi. Karo, mabati, mahari, deni la dukani, vyote vinaingoja. Ukimuuliza mtu wa huku atakulipa lini, atakujibu, "Bonasi ikitoka," na hutamuuliza tena.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Aya tatu, muhuri chini. Sentensi iliyomhusu Mama ilikuwa moja tu: malipo ya pili "should be higher than last year's" na "is expected to reach farmers by mid-October". Niliisoma haraka haraka, kwa maringo ya kijana wa chuo, nikamtafsiria: "Bonasi itakuwa juu kuliko ya mwaka jana. Itaingia katikati ya mwezi wa kumi."

Itakuwa. Itaingia.

Wiki hiyo hiyo Mama alikwenda kwenye sacco akachukua mkopo wa karo yangu. Wadhamini walikuwa wawili, jirani yetu mmoja na dada yake Mama. Tarehe ya kuanza kulipa iliwekwa mwisho wa mwezi wa kumi, kwa sababu mwana msomi alikuwa amesema pesa itaingia katikati. Bonasi ilikuja mwezi wa kumi na moja, na ilikuwa chini kuliko ya mwaka uliotangulia. Nilimsindikiza Mama hadi ofisi iliyotoa ile ilani. Tulihudumiwa na karani wa rika langu, kijana mpole tu, hakutufokea. Aliinyoosha ile karatasi mezani, akaweka ncha ya kalamu chini ya neno moja.

"Soma vizuri, bro," akasema. "Hatukusema itakuwa. Tulisema 'should'."

Ng'ombe aliuzwa ili wadhamini wasisumbuliwe. Mimi niliahirisha muhula mmoja, halafu mwingine, na sijarudi chuoni hadi leo. Tukiwa njiani kutoka kwa ile ofisi Mama hakuilaumu kampuni, hakuilaumu serikali, hakuulaumu hata mnada wa Mombasa. Aliniambia tu, "Lakini wewe ulisema itakuwa."

Sijaja hapa kulilia karo. Nimekuja kwa sababu ya lile neno lililokuwa chini ya kalamu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia kama mtu anayefuatilia ng'ombe wake aliyeibwa, na nimegundua kwamba lina ndugu wengi.

Hoja yangu ni hii. Kiingereza cha ofisini kina njia nyingi sana za kuizungumzia kesho bila mtu yeyote kubanwa na alichosema. Hasara ya neno hilo ikitokea, haimfuati aliyeliandika. Inamfuata aliyesomewa. Na sisi tuliosoma, tunaokaa katikati na kutafsiri, ndio tunaoibeba hasara hiyo hadi mlangoni kwa mama zetu.

Tuanze na "should" yenyewe. Mwanzoni ni neno la wajibu: unapaswa kufanya hivi, inafaa ufanye vile. Lakini Mwingereza hulitumia pia kubashiri. "It should be fine." Hapo hasemi kwamba jambo lina wajibu wa kuwa sawa. Anasema kwamba mambo yakienda jinsi anavyoyaona saa hii, pengine litakuwa sawa, na ameacha mlango wazi nyuma yake. Aliyelelewa ndani ya lugha hiyo anausikia huo mlango ukipigwa na upepo. Anajua kwamba juu ya "should" kuna "will", na chini yake kuna "may", kisha "might". Anajua kwamba "could" ni kama kukuonyesha nyumba kwa mbali na kukwambia kwamba ina madirisha. Ni ngazi, na ameipanda tangu utotoni.

Mama yangu hajapanda ngazi hiyo. Mimi nilifundishwa ngazi hiyo shuleni kama orodha ya kukariri: vitenzi visaidizi, jaza pengo. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba siku moja tofauti kati ya vidato viwili vya ngazi hiyo ingekuwa na bei ya ng'ombe.

Tena kuna lile dude jingine: "is expected to". Linatarajiwa. Na nani? Kiingereza kinaruhusu mtarajiaji apotee kabisa, abaki utarajio peke yake ukielea hewani kama ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya chai. Sisi tumeuiga ukungu huo mzima mzima. Washa redio ya Kiswahili jioni hii uhesabu: mvua inatarajiwa, bei inatarajiwa kupanda, waziri anatarajiwa kuzuru, ripoti inatarajiwa kutolewa. Kumbe Kiswahili kinakudai ukikaribia kumaliza sentensi hiyo. "Inatarajiwa na..." halafu jina. Nafasi ya jina ipo. Tumezoea kuiacha tupu.

Sasa mtu ataniambia: kwani ulitaka ofisi iseme nini, na kesho haijulikani? Ni swali la haki, na nalijibu kwa haki. Ni kweli haijulikani. Chai ya huku inauzwa kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola. Mnunuzi wetu mkubwa kwa miaka mingi amekuwa Pakistan, na Pakistan ikiishiwa na dola, sisi huku tunapata baridi. Sudan ilikuwa mteja mzuri, kisha Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum. Shilingi ikipanda dhidi ya dola, mkulima anapata shilingi chache kwa chai ile ile. Mvua ya mawe, ambayo Kericho inaijua kuliko sehemu nyingi duniani, inaweza kuchanachana majani ya shamba zima kabla chai ya saa kumi haijapoa kikombeni. Hakuna mtu aliye na akili timamu anayeweza kuniapia mwezi wa saba kuhusu shilingi za mwezi wa kumi.

Kwa hivyo sidai ahadi. Nadai uaminifu kuhusu shaka. Ni vitu viwili tofauti. Mtu mwaminifu mwenye shaka angeandika: sisi, ofisi fulani, tunadhani bonasi itapanda kidogo, chai ya miezi miwili bado haijauzwa, bei ikishuka Mombasa, bonasi itakuwa chini ya mwaka jana, usikope kwa kutegemea barua hii. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi na ingetosha kutuokoa. Nina hakika kulikuwa na nafasi juu ya muhuri.

Na usinidanganye kwamba lugha hiyo haiwezi kusema kwa uhakika ikitaka. Baada ya kuacha chuo nilipata kazi kwenye saiba moja huku kwetu, kabla sijaanza kuandika kwa malipo. Kazi ilikuwa kuchapisha, kupiga fotokopi, na kuwasomea watu karatasi zao. Nilisoma mikataba mingi: ya mikopo, ya kukodisha mashamba, ya ajira. Baada ya miezi kadhaa niliona mpangilio ambao, ukishauona, hutaacha kuuona. Anayekopa, "shall". Mkopaji "shall" kulipa tarehe tano, "shall" kutoa dhamana, "shall" kugharamia wakili. Mwenye pesa, "may". Mkopeshaji "may" kubadilisha riba, "may" kuuza dhamana, "may" kuongeza muda akipenda. Katika ukurasa mmoja, maskini amepewa wakati ujao uliofungwa kwa nati, na tajiri amepewa wakati ujao ulio wazi kama uwanja wa mpira.

Wanasheria watasema "may" hiyo ni ya ruhusa, si ya shaka. Naelewa. Lakini tazama inavyofanya kazi ukiwa umekaa upande huu wa meza. Ruhusa ya mwenzako ndiyo shaka yako. Yeye anaweza akaongeza riba, na wewe hujui kama ataongeza. Neno moja: kwake ni uhuru, kwako ni kukosa usingizi.

Turudi nyuma kidogo, maana huku kwetu jambo hili lina historia. Mashamba makubwa ya chai unayoyaona ukipita barabara ya Kericho, yale yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, yalianza kupandwa kwa biashara miaka ya 1920 kwenye ardhi ya Wakipsigis. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Soma tena tarakimu hiyo. Miaka 999. Waingereza wale wale ambao hawawezi kukwambia kama mvua itanyesha Jumamosi bila kuweka "might" mbele yake, waliangalia mbele hadi karne ya thelathini na mkono wao haukutetemeka. Na mwaka 1934, walipotunga sheria ya kuwahamisha Walaiboni, yaani ukoo wa Talai, na kuwapeleka Gwassi kule karibu na ziwa, hawakuandika kwamba ukoo huo unatarajiwa kuhama. Uliamriwa kuhama, na ukahamishwa.

Katiba yetu ya 2010 ilikata ile miaka 999 hadi 99 kwa wageni. Ni sawa. Ninachotaka uone ni kwamba lugha ile ile ilikuwa na uhakika wa kutisha ilipokuwa inachukua, na imekuwa na kigugumizi cha adabu kila inapotakiwa kurudisha. Watu wa Kericho na Bomet wamepeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakayapeleka hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Ukizisoma taarifa zinazotolewa kuhusu mambo kama haya utakuta majuto mengi na matumaini mengi. Tarehe hutaiona.

Wenye lugha wenyewe walishaujua ugonjwa huu. Mwaka 1951 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliandika ripoti kuhusu uwezekano wa Yugoslavia kuvamiwa na kambi ya Wasovieti. Ripoti ilisema uvamizi huo ni "serious possibility". Mmoja wa wakuu walioisimamia, Sherman Kent, aliulizwa baadaye na afisa wa serikali maneno hayo yalimaanisha nini hasa. Kent akasema kwake yeye ni kama 65 kwa 35, yaani zaidi ya nusu. Yule afisa alishtuka. Yeye alikuwa ameyasoma kama hatari ndogo zaidi. Kent akarudi akawauliza wenzake walioshiriki kuiandika ripoti ile ile. Wengine walimaanisha 20 kwa 80, wengine 80 kwa 20. Watu wa chumba kimoja, lugha moja ya mama, karatasi moja waliyoitia saini wote, na kila mmoja alikuwa amebeba kesho yake mfukoni.

Kent alichoka. Mwaka 1964 aliandika makala akipendekeza kila neno la ubashiri lipewe namba yake: "probable" iwe karibu asilimia 75, "almost certain" iwe karibu 93, na kuendelea. Wenzake wengi walimpinga. Lakini wazo halikufa. Leo wanasayansi wa tabianchi wa IPCC wanafanya karibu vivyo hivyo. Katika ripoti zao "likely" ni kuanzia asilimia 66, "very likely" ni kuanzia 90, na "virtually certain" ni kuanzia 99. Wameandika jedwali, wameliweka wazi kwa kila msomaji.

Kwa hivyo inawezekana. Wakiwa wanazungumza wao kwa wao kuhusu vita au kuhusu sayari, wanapimiana maneno kwa mizani. Wakija kuzungumza na mchuna chai, mizani inabaki nyumbani. Ajabu ni kwamba mchuna chai huyo ni mtu wa mizani kuliko wote. Majani yake yanapimwa kila siku, kituoni, mbele ya macho yake, na karani akimpunja kilo moja atasikia.

Usidhani nawaonea wazungu peke yao. Sisi wenyewe tumeumizwa na watu wetu kwa mtindo huu. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa wa mvua ya El Niño mwishoni mwa mwaka. Mwezi Oktoba Rais Ruto akawaambia Wakenya kwamba wataalamu sasa wanasema hakutakuwa na El Niño, ila mvua kubwa tu. Wengi tulishusha pumzi. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yamewaua watu zaidi ya 100, na familia nyingi sana kule kaskazini na Pwani zilikuwa zimeachwa bila makao.

Linganisha hilo na dhambi yangu ya mkebe wa kakao. Mimi nilichukua "should" nikaipandisha hadi "itakuwa". Pale juu mtu alichukua "kuna uwezekano mkubwa" akaushusha hadi "hakuna". Ni kosa moja lenye pande mbili: kukata shaka ya mtu mwingine ili maneno yateleze vizuri mdomoni. Tofauti ni kwamba mimi nililipa, kidogo.

Halafu kuna mashine. Kampuni kubwa za chai huku zimekuwa zikileta mashine za kuchuna, na kila mtu anajua kwamba mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi. Miaka yote hiyo wachunaji walikuwa wakisikia lugha ambayo kampuni popote duniani huizungumza: nafasi fulani "may be affected", mabadiliko "could" kuhitajika. Jaribu kupanga maisha juu ya neno kama hilo. Umwandikishe mtoto shule ya kampuni au usimwandikishe? Ununue godoro au uweke nauli ya kurudi kwenu? Mwezi Mei 2023 hasira ilifika mwisho, mashine zikachomwa Kericho na mtu akapoteza maisha. Sishabikii moto. Nasema tu kwamba ukimweka mtu ndani ya "may" kwa miaka, usishangae siku anapotafuta jambo moja la hakika la kufanya kwa mikono yake, hata likiwa baya.

Najua mtakachoniambia, maana nimeshaambiwa na marafiki zangu wa Nairobi. La kwanza: "Si basi mjifunze Kiingereza." Nilijifunza. Nilipata A. Mimi ndiye niliyetafsiri vibaya. Tatizo halikuwa msamiati. Nilijua "should" ni nini kwenye mtihani. Sikujua kwamba kwenye barua ya ofisi neno hilo linamhusu aliyeandika kuliko linavyonihusu mimi, kwamba kazi yake ni kumkinga yeye.

La pili linauma zaidi: "Kwani Waswahili si ndio wafalme wa kutoeleweka?" Kweli tupu. "Niko njiani" maana yake natafuta soksi. "Tutaangalia" maana yake hapana. "Nakuja saa hii" anasema mtu anayeondoka. "Mungu akipenda" imewaficha wadaiwa wengi kuliko giza. Hata "bonasi ikitoka" ina ujanja wake, maana hiyo "-ki-" haisemi kama ni iwapo itatoka au ni wakati itakapotoka. Nakubali yote.

Lakini sikiliza tofauti. Mtu akikwambia yuko njiani, unamjua. Unajua mara ngapi amekuwa njiani bila kufika. Unaweza kumpigia, unaweza kumcheka, unaweza kumkataza mkopo mwaka ujao. Uongo wetu una uso, na uso huo utaukuta kesho sokoni. Na "Mungu akipenda" angalau inakutajia nani anaamua. Ile "is expected to" ya ofisini haina uso. Nilipokwenda kuutafuta nilimkuta karani wa rika langu na kalamu yake. Naye pia hakuiandika ile barua. Alikuwa anaitetea tu, kwa mshahara ambao bila shaka ulikuwa "subject to review".

La tatu ni la wasomi: eti Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kupima uwezekano. Hii ni porojo. Tuna huenda, pengine, labda, yamkini, yawezekana. Tuna "nadhani", "naamini", "nahofia", na kila moja linaanza na mimi, linaweka mtu mbele. Tuna "ingekuwa" na "ingalikuwa". Hata hiyo "huenda" ukiichunguza ni kitenzi kinachotembea: huwa inakwenda, mara nyingi huelekea huko. Tukikosa, tunakosa mazoea ya kuyatumia pale penye pesa. Tumeyaacha kwa washairi na watabiri wa mechi.

Kwa hivyo nina madai, na nayaelekeza kwa kila anayetoa tangazo katika nchi ya chai, iwe ni kiwanda, kampuni, sacco, kaunti au kanisa. Moja, tangazo linalohusu pesa au kazi ya mtu litoke kwa Kiswahili na Kikipsigis siku ile ile linapotoka kwa Kiingereza. Lisitoke baada ya wiki mbili, na lisiachwe litafsiriwe na watoto waliorudi likizo. Mbili, kila "inatarajiwa" iwe na jina mbele yake: na nani. Tatu, mseme mna uhakika kiasi gani, kwa namna ambayo mtu wa mizani ataelewa. "Mara saba kati ya kumi" ni Kiswahili safi. Nne, mseme itakuwaje isipotimia, na nani atabeba hasara. Mkiona dai la nne ni gumu kuandika, basi ndilo mlilokuwa mnalificha.

Na kwetu sisi wasomaji wa barua, tulio katikati, nina dai moja tu: tuache kuzungusha namba ya watu wengine. Ukikuta "may", usimpe mzazi wako "ita-". Najua inavyovutia. Mama yuko mbele yako, macho kwako, na unataka kumpa habari nzuri iliyonyooka. Mimi siku ile nilitaka kuonekana ninajua. Hilo ndilo lililouza ng'ombe, ukitaka ukweli wangu wote: Kiingereza cha ofisi kilichimba shimo, na maringo yangu yakamsindikiza Mama hadi ukingoni.

Siku hizi naishi kwa kuandika, na wateja wangu wengi wako mbali. "Payment should reflect by Friday," wananiandikia. Nimejifunza kuwajibu kwa swali: Ijumaa ipi, na isipofika nimpigie nani? Wengine hawajibu. Waliojibu ndio nimebaki nao.

Juzi Mama aliniita tena. Karatasi mpya, muhuri ule ule, msimu mwingine wa bonasi. Alikuwa ameketi jikoni, sufuria mekoni, mkebe miguuni. Niliisoma yote kimya kwanza. Halafu nikamwambia, polepole, "Kuna mtu ofisini anadhani bonasi itapanda. Hajasema yeye ni nani. Hajasema ana uhakika kiasi gani. Hajasema isipopanda itakuwaje."

Mama alifikiri. "Kwa hivyo hawajasema kitu."

"Hawajasema kitu, Mama."

"Kongoi," akasema, akaichukua karatasi mkononi mwangu. Hakuirudisha kwenye mkebe. Aliikunja mara moja, akaiingiza chini ya kuni zilizokuwa zinakataa kushika, na chai ikaanza kuchemka.